Vyombo Vichache, Kazi Njema

Katika kijiji kimoja cha Kivu, mlimani juu ya ziwa, palikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa mgongo. Hakuweza tena kuketi chini mkekani, wala juu ya kigogo kilichokuwa karibu na moto. Alihitaji kiti cha kimo chake, chenye kusimama imara. Wanawe wawili wakamnunulia kiti sokoni. Kilikuwa kizuri machoni, kimepakwa rangi nyekundu, na bei yake ilikuwa ndogo. Lakini miguu yake ilishikwa kwa misumari tu, na mbao zake zilikuwa bado mbichi. Baada ya miezi mitatu mbao zilikauka, misumari ikalegea. Jioni moja mzee alipoketi, mguu mmoja ukatoka, naye akaangukia ule mgongo wake mbaya. Alilala siku nyingi, hakuweza hata kufika shambani kwake.

Ndipo wanawe wakasema: «Sasa tutamtengenezea baba kiti sisi wenyewe.»

Mkubwa aliuza mbuzi wawili, akanunua sanduku la vyombo vipya vinavyong'aa: randa mbili, patasi sita na misumeno miwili. Mdogo hakuwa na mbuzi. Alikuwa na fedha kidogo tu aliyoipata kwa kuvuna kahawa. Akaenda mahali panapouzwa vitu vikuukuu, akarudi na msumeno mmoja, patasi moja na randa moja yenye kutu. Majirani walipoviona vyombo vyake wakacheka.

Je, ni nani kati yao aliyeweza kutengeneza kiti chema? Wazee husema: Mchagua jembe si mkulima. Kazi ya seremala nayo ni vivyo hivyo. Kwanza yafaa kuujua mti wenyewe, kisha vyombo, kisha namna ya kuunganisha.

1. Mbao mbichi hunywea

Mti uliosimama msituni umejaa maji. Mizizi huyavuta katika udongo, nayo hupanda shinani mpaka kwenye majani. Mti ukikatwa, maji hayo hayatoki siku ile ile. Hutoka pole pole kwa muda wa miezi mingi. Kadiri maji yanavyotoka, ndivyo mbao zinavyonywea.

Lakini mbao hazinywei sawasawa pande zote. Nyuzi za mti zimelala toka chini kwenda juu, kama mabua yaliyofungwa mzigo mmoja. Mti ukikauka, kila uzi hupungua unene, lakini urefu wake haupungui ila kidogo sana. Kwa hiyo ubao mbichi wenye upana wa sentimeta 20 waweza kupungua sentimeta 1 nzima katika upana, na urefu wake usibadilike kiasi cha kuonekana kwa macho. Ndiyo sababu mlango wa mbao mbichi huacha nyufa ambamo upepo hupita. Ndiyo sababu pia misumari ya kile kiti chekundu ililegea. Mbao zilipungua, misumari haikupungua.

Seremala mwenye akili hukausha mbao zake kwanza. Huzipanga juu ya mawe, zisiguse ardhi. Kati ya ubao na ubao huweka vijiti vya unene mmoja, ili upepo upite. Huzifunika kwa bati au kwa nyasi, kwa maana jua kali hukausha upande mmoja upesi kuliko upande wa pili, na ubao hujipinda. Ncha za mbao huzipaka nta au rangi, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha, nazo hupasuka.

Atajuaje kama mbao zimekauka? Hupima kipande kimoja kwa mizani kila juma. Maadamu uzito unapungua, maji yangali yanatoka. Uzito ukikaa vile vile majuma kadhaa, mbao ziko tayari.

Yule mdogo hakuweza kungoja miezi, maana baba yake alikuwa hana pa kuketi. Akatafuta mbao zilizokwisha kukauka. Kwa jirani aliona meza ya zamani iliyovunjika, ya mti wa mvule, ambao katika Kongo wengi huuita kambala. Mti huu ni mgumu, na mchwa hawauli upesi. Meza ile ilikuwa imekaa nyumbani miaka mingi, na mbao zake zilikuwa zimekwisha kunywea zote. Alifanya kazi siku mbili katika shamba la jirani, akapewa ile meza. Mkubwa alinunua mbao mpya za mkaratusi zilizopasuliwa juma lile lile. Mkaratusi ni mti wenye nguvu, lakini mbao zake zikiwa mbichi hujipinda na kupasuka sana.

2. Kuchagua vyombo vikuukuu

Mdogo hakwenda sokoni peke yake. Alimwomba fundi mmoja mzee aende pamoja naye. Fundi huyo alikuwa seremala tangu ujana wake, na mikono yake ilijua mambo mengi kuliko mdomo wake.

Fundi alishika msumeno, akautazama kwa jicho moja toka mpini mpaka ncha, aone kama umenyoka. Kisha akaupinda kidogo kwa mikono miwili, akauachia. Msumeno ukarudi, ukanyoka kama kwanza. «Huu ni mzuri», akasema. «Usiorudi, uuache.» Meno yalikuwa butu, lakini hilo si neno. Meno hunolewa.

Kisha akatazama patasi. Alichukua tupa akaipitisha kidogo karibu na makali. Tupa iliteleza, haikuuma sana. Maana yake chuma kile kilikuwa kigumu. Chuma laini huliwa na tupa upesi, na makali yake hayadumu hata saa moja ya kazi.

Fundi alitazama kutu pia. Kutu ya juu juu hutoka kwa kusugua. Lakini kutu iliyochimba mashimo katika upande wa bapa, karibu na makali, ni mbaya. Kila shimo litakuwa pengo katika makali, na kila pengo litachora mstari katika ubao. Mpini uliovunjika haukumsumbua. «Mpini ni mti», akasema, «nawe unataka kuwa fundi wa miti.»

Mwisho alitazama randa. Akaweka ukingo ulionyoka juu ya uso wake wa chini, akainua vyote viwili mbele ya jua. Mwanga haukupita ila kidogo. Basi uso wa randa ulikuwa umenyoka. Wakalipa, wakaenda zao.

3. Makali ndiyo nguvu ya chombo

Mkubwa alianza kazi siku ile ile. Randa yake mpya ilirukaruka juu ya ubao, ikachana nyuzi badala ya kuzikata. Akasukuma kwa nguvu zaidi, ikachana zaidi. Akadhani mbao ni mbaya. Kumbe hakujua jambo moja: chombo kipya kitokapo dukani mara nyingi hakina makali kamili. Kiwandani hupewa umbo lake, lakini makali ya mwisho huachiwa fundi mwenyewe.

Makali ni nini? Ni mahali ambapo pande mbili za chuma hukutana, pasibaki nafasi katikati. Chombo butu kikigeuzwa mbele ya mwanga, huonyesha mstari mweupe mwembamba kwenye makali. Mstari huo ndio ubutu wenyewe. Chombo kikali hakionyeshi kitu.

Fundi mzee alimwonyesha mdogo namna ya kunoa patasi, hatua kwa hatua.

Kwanza upande wa bapa. Patasi hulazwa juu ya kinoo chenye maji, ikasuguliwa mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae kama kioo. Kinoo chenyewe lazima kiwe sawa. Kikiwa na bonde katikati, makali hayatanyoka.

Pili upande wa mshazari. Hapa watu wengi hukosea. Mshazari ukiwa mfupi mno, chombo hakiingii katika mti. Ukiwa mrefu mno, makali huwa membamba na kuvunjika. Kipimo chake ni rahisi: urefu wa mshazari uwe mara mbili ya unene wa chuma. Chuma chenye unene wa milimita 3 kiwe na mshazari wa milimita 6. Ukifuatwa hivyo, pembe ya makali ni digrii 30.

Tatu, mshazari husuguliwa kwa mwinamo ule ule, bila kuyumbisha mkono, mpaka kidole kikipita upande wa bapa kikute ukingo mdogo wa chuma uliogeuka. Ukingo huo ni ishara kwamba kinoo kimefika mwisho wa makali. Basi patasi hugeuzwa, ikalazwa bapa na kusuguliwa kidogo tu, ili ukingo utoke. Mwisho hupitishwa mara chache juu ya kipande cha ngozi.

Asiye na kinoo kizuri aweza kubandika karatasi ya msasa laini juu ya kipande kinene cha kioo. Kioo kimenyoka, kwa hiyo makali nayo yatanyoka. Mwenye gurudumu la kunolea na awe na uangalifu. Chuma kikipata moto mpaka kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umepotea mahali pale. Hivyo hukichovya majini mara kwa mara.

Msumeno nao una siri yake. Meno yake yamepindwa, moja kulia, moja kushoto. Kwa hiyo njia unayokata ni pana kidogo kuliko chuma chenyewe, na chuma hakibanwi. Fundi aliyanoa kwa tupa ya pembe tatu. Alipitisha tupa mara mbili katika kila jino, si mara mbili hapa na mara tano pale, ili meno yote yawe na kimo kimoja. Kisha akapaka nta ya mshumaa mbavuni mwa msumeno, nao ukateleza vizuri.

Watu wengi huogopa chombo kikali. Lakini chombo butu ni cha hatari zaidi. Mwenye patasi butu husukuma kwa nguvu zake zote. Patasi ikiteleza ghafula, huingia katika mkono. Kwa hiyo fundi humpa mwanafunzi amri hii siku ya kwanza: mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, na ubao ushikwe na kitu kingine.

4. Vyombo ambavyo mtu hujitengenezea

Ni kitu gani basi kitakachoshika ubao? Maduka huuza jiriwa za chuma, nazo ni ghali. Lakini mambo haya yalikwisha kufikiriwa zamani sana. Huko Misri, karibu miaka 2000 kabla ya kuzaliwa Kristu, aliishi mtu mkubwa aitwaye Meketre. Alipozikwa, waliweka kaburini sanamu ndogo za mti zinazoonyesha kazi za watu wake. Mwaka 1920 wataalamu kutoka Marekani walizigundua. Moja ni karakana ya maseremala. Yumo mtu anayepasua ubao kwa msumeno. Ubao wake umesimama, umefungwa kwa kamba penye nguzo. Mwingine ameketi akichimba matundu kwa patasi na nyundo ya mti. Wengine wanachonga kwa tezo. Hawakuwa na randa, na vyombo vyao vilikuwa vya shaba. Hata hivyo viti na vitanda vya Misri ya kale vingali vipo, na maungio yake yanashika.

Hata katika Kongo, mafundi wa Waluba walichonga viti vya wakuu wao kwa tezo na kisu tu, kila kiti katika gogo moja. Watu huvitazama leo katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi.

Basi yule mdogo alichimbia nguzo mbele ya nyumba, akatafuta kamba na kabari mbili za mti. Kamba ilizungushwa ubao na nguzo, kabari ikapigwa kati ya kamba na nguzo, na ubao ukashikwa imara.

Nyundo ya mti aliichonga katika gogo gumu la mpera. Nyundo ya chuma huvunja mpini wa patasi, lakini ya mti huupiga bila kuupasua.

Ukingo wa kuchorea mistari aliutengeneza kwa kipande cha ubao mkavu. Alijuaje kama umenyoka? Aliuweka juu ya ubao mwingine, akachora mstari. Kisha akaugeuza, kulia kukawa kushoto, akachora tena kati ya nukta zile zile mbili. Mistari miwili ikilala pamoja, ukingo umenyoka. Ikiachana katikati, ukingo una kosa. Akairanda mahali palipotokeza, akajaribu tena, mpaka mistari ikawa mmoja.

Kipimo cha pembe nacho alikitengeneza kwa vipande viwili vya ubao. Ili kupata pembe iliyo sawa, alitumia hesabu ya darasani. Upande mmoja alipima sentimeta 30 toka pembeni, upande wa pili sentimeta 40. Nukta hizo mbili zikiachana sentimeta 50 kamili, pembe ni sawa, nayo ina digrii 90. Kisha akakihakiki kama ule ukingo wa kuchorea: akachora mstari penye ukingo wa ubao, akakigeuza, akachora tena mahali pale pale.

Hivyo vyombo vingi vya lazima havikumgharimu fedha. Vilimgharimu siku tatu na uvumilivu.

5. Kuunganisha bila msumari

Sasa kazi ya kiti ilianza. Kwanza alimpima baba yake. Kiti chema hupimwa kwa mguu wa mtu, toka kisigino mpaka nyuma ya goti. Mzee alikuwa na sentimeta 43. Kiti kirefu kuliko hapo kingeacha miguu yake inaning'inia. Kifupi kingemtesa mgongo wakati wa kuinuka.

Mdogo akachagua miguu mitatu, si minne. Kwa nini? Kiti cha miguu mitatu hakiyumbi kamwe. Hata sakafu ikiwa na mabonde, miguu yote mitatu hugusa chini. Mguu wa nne mara nyingi hubaki hewani, na kiti hucheza. Lakini kiti cha miguu mitatu chaweza kupinduka mtu akiketi ukingoni. Kwa hiyo miguu huinamishwa nje, ili nyayo zake zifike chini ya ukingo wa kiti.

Ubao wa kukalia ulikuwa na sentimeta 32 kila upande, na unene wa sentimeta 4. Akaranda uso wake. Aliangalia nyuzi zinaelekea wapi, akairanda kwa kuzifuata, kama mtu anavyompapasa paka toka kichwani kwenda mkiani. Mwenye kuranda kinyume cha nyuzi huzichana.

Kisha akachora mahali pa matundu matatu. Hakuchora kwa kalamu nene, bali kwa ncha ya kisu. Mstari wa kisu ni mfereji mdogo, na patasi ikiwekwa hapo haitelezi. Upana wa kila tundu aliupima kwa patasi yenyewe, sentimeta 2 na nusu. Kwa kuwa alikuwa na patasi moja tu, patasi hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha matundu yote na cha ndimi zote. Hivyo hakuna tundu lililopita jingine.

Kuchimba nako kuna utaratibu. Patasi huanza katikati ya tundu, haianzi penye mstari. Mstari hukatwa mwisho, wakati takataka zote zimekwisha kutoka. Tena alichimba nusu kwa upande wa chini, nusu kwa upande wa juu. Mwenye kuchimba moja kwa moja mpaka ng'ambo hubomoa uso wa pili. Ili matundu yote yapate mwinamo mmoja, alikata kipande cha ubao chenye mwinamo aliotaka, akakisimamisha kando ya patasi, akaufuata.

Juu ya kila mguu alikata ulimi wa kuingia katika tundu. Alikata nje ya mstari kidogo, akapunguza kwa patasi, akajaribu, akapunguza tena. Ubao uliokatwa mfupi hauongezeki. Ulimi mwema huingia kwa kusukumwa na mkono, kisha kwa kupigwa pole pole kwa nyundo ya mti. Ukiingia wenyewe bila kusukumwa, umelegea. Ukitaka kupigwa kwa nguvu sana, utapasua kiti.

Sasa ni kitu gani kitakachouzuia ulimi usitoke? Hapo ndipo ilipo akili ya mafundi. Tundu lilipanuliwa kidogo upande wa juu. Ulimi ukapasuliwa kwa msumeno kichwani, na miguu ikaingizwa toka chini. Kisha kabari nyembamba ya mti mkavu ikapigwa katika ule mpasuo. Ulimi ukafunguka juu, ukajaza tundu lote. Tangu hapo haukuweza kurudi chini, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kinene kuliko shingo yake.

Lakini kabari ina hatari moja. Ikipigwa huku imelala sawa na nyuzi za ubao wa kukalia, husukuma nyuzi kando, na ubao hupasuka kama kuni. Lazima kabari ikingame nyuzi. Yule mdogo alikuwa karibu kukosea katika mguu wa kwanza. Fundi mzee aliweka kidole juu ya ubao, akakipitisha katika njia ya nyuzi, asiseme neno. Kijana akatazama, akaugeuza mguu.

Kabari zote zilipokwisha kupigwa, alikata vilivyotokeza juu, akaranda. Kisha akasimamisha kiti juu ya ubao ulionyoka, akazungusha kipande cha mti chenye kimo kimoja penye kila mguu, akachora kwa kisu. Akakata nyayo kwa kufuata mistari hiyo, na kiti kikakaa sawa.

6. Kulainisha

Katika misitu na mabonde ya Afrika upo mti wa jamaa ya mtini wenye majani makali kama tupa. Mafundi wa zamani walisugulia majani hayo kazi zao. Waswahili huuita msasa, na karatasi ya kulainishia mbao ilipoletwa na meli, nayo ikaitwa msasa kwa jina la mti huo. Asiye na fedha ya karatasi aweza kutumia jani.

Mdogo alisugua kwa kufuata nyuzi, hasa ukingo wa mbele, mahali ambapo mapaja ya baba yake yangegusa. Hakupaka mafuta ya mawese, kwa maana hayo hayakauki, hushika vumbi na nguo. Alisugua nta ya nyuki, kisha akaipiga kitambaa mpaka mti ukang'aa wenyewe.

7. Ndugu wawili

Kiti cha mkubwa hakikuisha. Mbao zake za mkaratusi zilikuwa zimepasuka ncha, na ndimi zake zilicheza katika matundu. Jioni moja alikuja kwa mdogo wake, akasimama mlangoni muda mrefu kabla ya kusema.

«Mdogo wangu, vyombo vyangu vina nini?»

«Yaya, havina neno. Ni vizuri kuliko vyangu. Havijanolewa tu.»

Wakaketi pamoja penye kinoo. Mdogo alimwonyesha kaka yake upande wa bapa, kisha mshazari mara mbili ya unene, kisha ule ukingo mdogo unaotoka. Ilikuwa usiku walipomaliza. Asubuhi mkubwa aliweka randa yake juu ya kipande cha kambala kilichobaki, akasukuma. Takataka ndefu nyembamba ikatoka, ikajikunja kama utepe. Akaishika mkononi, akaitazama.

Mbuzi wawili hawakurudi. Na katika patasi zile sita, nne hazijatumika hata sasa. Lakini mbao za mkaratusi zimepangwa nyuma ya nyumba, juu ya mawe, chini ya bati, na vijiti kati yake. Kila juma mkubwa hupima kipande kimoja. Zikikauka, zitakuwa benchi ya kukalia wageni.

Mzee aliletewa kiti chake uani. Hakuketi upesi. Kwanza aliinama pole pole, akashika miguu mmoja mmoja, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikucheza. Ndipo akageuka, akaketi, akanyosha mgongo wake, na kuomba aletewe uji.

Maswali

1. Kwa nini kiti chekundu kilivunjika?
2. Ubao ukikauka, hupungua upande gani zaidi? Kwa nini?
3. Mtu atajuaje kama patasi ya zamani ni ya chuma kigumu?
4. Urefu wa mshazari wa patasi huwaje?
5. Kwa nini chombo butu ni cha hatari?
6. Kabari huwekwa namna gani, na kwa sababu gani?
7. Kazi ya mikono: Tengeneza ukingo wa kuchorea mistari kwa kipande cha ubao mkavu. Uhakiki kwa mistari miwili kama ilivyoelezwa.